Jiwe Chini ya Jiko: Maisha ya Mama Donatille Nshobole, Shefu wa Avenyu Mapera (1959–2024)

Ndugu zetu mliotoka Kabare na Masisi, Wakristo wenzetu wa parokia, na ninyi nyote wa Avenyu Mapera hapa Keshero, ambao mmefunga milango yenu asubuhi hii huku roho zikiwa juu: familia imeniomba mimi, Aubin Mirindi, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha yake. Nimeyaandika mara tatu. Mara mbili za kwanza niliruka jambo moja linalonihusu mimi, na mara zote mbili nilichana karatasi. Leo sitaliruka. Naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Mama Donatille Nshobole alizaliwa tarehe 14 Aprili 1959 huko Kabare, upande wa Bukavu. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa marehemu Papa Akonkwa Mirindi, katekista, na marehemu Mama Charline, mkulima. Alibatizwa siku ya Pentekoste ya mwaka uleule. Mama yetu alizoea kusema kwamba huyu hakuwa mtoto wa kulia, alikuwa mtoto wa kuuliza. Ukimwambia utampa kitu kesho, aliuliza kesho saa ngapi.

Alisoma shule ya msingi katika misheni ya kwetu kuanzia mwaka 1965 hadi 1971. Baadaye wazazi walimpeleka Bukavu kwa masista, akasoma sekondari katika tawi la biashara, akapata diploma mwaka 1978. Huko ndiko alikojifunza kupiga mashine ya kuandika bila kuangalia vidole. Akija likizo alinifundisha kusoma mimi niliyekuwa mdogo. Hatukuwa na vitabu nyumbani, kwa hiyo alinisomesha vipande vya gazeti vilivyofungia sabuni. Nikiruka neno gumu alinirudisha mwanzo wa mstari, hata kama mstari wenyewe ulikuwa umekatwa katikati na hauna maana yoyote.

Mwaka 1979 alikuja Goma kukaa kwa mjomba wetu, na tarehe 5 Novemba mwaka huo akaajiriwa kuwa daktilo, mpiga mashine, katika ofisi moja ya serikali iliyoshughulika na mambo ya viwanja. Alifanya kazi hapo miaka thelathini, mpaka alipopumzishwa mwaka 2009. Wakubwa wake walibadilika mara kumi na moja, yeye akabaki kwenye meza ileile karibu na dirisha. Walimheshimu, na kidogo walimwogopa, kwa sababu hakukubali kupiga barua yenye makosa. Alikuwa anainuka, anamfuata mkubwa mpaka ofisini kwake, na kumwambia polepole: "Patron, hapa ulitaka kusema nini?"

Ndoa yake nayo ilipitia kwenye mashine hiyo. Marehemu Papa Barthélemy Bauma alikuwa kijana wa milima ya Masisi, kwao wafugaji, naye alileta fromaji, jibini ya kwao, kuuza hapa mjini. Siku moja mwaka 1982 alifika ofisini na karatasi iliyoandikwa kwa mkono, akaomba apigiwe mashine. Dada yangu akaanza kupiga. Kufika mstari wa tatu akaelewa kwamba ile ni barua ya kuomba uchumba, na kwamba anayeombwa ni yeye. Hakusimamisha vidole. Aliimaliza, akamrudishia pamoja na ile ya mkono, ambayo alikuwa amesahihisha makosa manne kwa kalamu nyekundu, akasema: "Isome tena vizuri, halafu utie sahihi yako." Papa Barthélemy alitia sahihi palepale. Walifunga ndoa kanisani tarehe 20 Agosti 1983. Mungu aliwapa watoto wanne: Moïse, Fabiola, Joyeuse, na Cyprien ambaye aliitwa kwa Bwana mwaka 1992 akiwa na miezi tisa.

Nyumba yao ya kwanza ilikuwa katikati ya mji. Tarehe 17 Januari 2002 volkano iliimeza. Walivuka mpaka kwenda Gisenyi kwa miguu, na wakati wengine walibeba masufuria na magodoro, dada yangu alibeba begi moja la karatasi: vyeti vya ubatizo, diploma, kadi za chanjo. Papa Barthélemy alimgombeza njia nzima kwamba watoto watakula karatasi. Waliporudi, mahali pa nyumba palikuwa na jiwe jeusi lililokuwa bado linatoa moshi. Mwezi wa Septemba mwaka huo walipata parseli, kiwanja chao, hapa Avenyu Mapera, upande wa chini, ule unaotazama ziwa. Walijenga nyumba ya mbao juu ya msingi wa mawe ya lava, na mwaka 2004 Papa Barthélemy akaongeza jiko la matofali upande wa mbele. Kuanzia siku hizo dada yangu hakulala tena usingizi mzito. Mbwa akibweka, yeye alikuwa ameshakaa kitandani. Aliniambia: "Aubin, mutu akipoteza nyumba mara moja, hii ingine anaikaliaka kama mugeni."

Mwaka 2011, mwezi wa tatu, ninyi wakaaji mlimchagua kuwa shefu wa avenyu, msimamizi wa mtaa wenu huu. Sitawaeleza kazi aliyoifanya, mnaijua kuliko mimi. Aliwaandikia barua za watoto waliofukuzwa shule. Alisimamia foleni kwenye robine wakati maji yalikuwa yanakuja mara mbili kwa juma. Papa Barthélemy alipofariki mwaka 2016, alikaa matanga siku saba, siku ya nane akaenda kusuluhisha ugomvi wa ukuta. Volkano ilipolipuka tena mwaka 2021 na watu wote wakaambiwa waondoke kuelekea Sake, alipita nyumba kwa nyumba na daftari, akawa wa mwisho kutoka. Na tangu mwaka jana, familia moja ya watu watano iliyokosa nafasi kambini Mugunga iliishi sebuleni mwake. Wako hapa leo, wamevaa kitambaa cha familia kama sisi.

Sasa nafika mahali ambapo karatasi zangu za kwanza zilichanika.

Siku ya Jumatatu, tarehe 5 Agosti mwaka huu, dada yangu aliletewa barua kutoka kwa wakubwa wa mji. Ilisema kwamba Avenyu Mapera itapanuliwa iwe na metre kumi na tano. Kipimo kitaanzia katikati ya barabara ya sasa, kwenda kila upande. Nyumba thelathini na moja zitaguswa, kumi na tisa za upande wa juu na kumi na mbili za upande wa chini, na mwenye neno aliandike ndani ya siku thelathini. Shefu wa avenyu aliombwa awajulishe wakaaji.

Aliisoma akiwa amesimama. Halafu akachukua motari wa pikipiki, akaja kwangu mtaa wa Himbi. Hakuwa na desturi ya kuja bila kupiga simu. Aliweka barua juu ya meza, akasema: "Soma."

Nikasoma. Nikamuuliza, kama nilivyozoea kumwita dada yangu mkubwa: "Yaya, watu wanajua?"

"Bado. Nikisema leo, kesho watu wataanza kubomoa mabati yao wao wenyewe. Kuko mama Julie, mimba yake iko ya miezi nane. Kuko hawa wakimbizi kwangu. Niseme namna gani?"

Mimi ndiye niliyemjibu hivi, na nayarudia maneno yangu kama yalivyokuwa: "Usiseme kwanza. Barua kama hizi zinakujaka na zinakufaka. Wewe uko na tansion, damu inakupandaka. Watu watakuona ni wewe ulileta hii mambo. Weka karatasi kwa kabati, ngoja tuone."

Aliniangalia kwa muda mrefu. Nilidhani anapima ushauri wangu. Leo naamini alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia kinyume, na hakumpata. Alikunja barua, akarudi Keshero, akaiweka kabatini chini ya mashuka. Ilikaa hapo siku kumi na moja. Fabiola anasema kwamba siku hizo mama yao hakumaliza sahani hata moja ya chakula, na kila gari lilipopunguza mwendo mbele ya nyumba alisimama.

Ijumaa tarehe 16 Agosti, asubuhi, vijana wenye ndoo ya rangi nyekundu walipita wakachora msalaba kwenye kuta thelathini na moja. Mnaikumbuka asubuhi hiyo. Wengine walidhani ni kampeni ya chanjo. Mama Julie aliichukulia ile alama kuwa ya ugonjwa, akafungia watoto ndani. Ni mmoja wa wale vijana aliyesema, bila ubaya, kwamba barua ilishapelekwa kwa shefu zamani.

Kesho yake jioni, jua likiwa bado liko, dada yangu aliwaita wote uani kwake. Mimi nilikuwapo, nimesimama nyuma karibu na choo. Alisoma barua yote, akataja tarehe aliyoipokea. Papa Dieudonné, fundi wetu wa kujenga, ndiye aliyeuliza:

"Mama shefu, siku makumi tatu zimebakia ngapi?"

"Kumi na nane."

"Na hizi zingine zilienda wapi?"

"Zilienda kwa kabati yangu. Nilificha hii karatasi. Niliogopa. Hakuna mutu mwingine wa kuulizwa, ni mimi."

Kulikuwa na kelele ambazo sitazirudia mbele ya jeneza lake. Mtu alisema amehongwa. Mwingine alisema mtu wa Kabare hawezi kulinda watu wa hapa. Alisikiliza yote akiwa amesimama, mikono imeshika kikwembe chake. Na mimi, niliyemshauri, sikutoka nyuma ya wale watu. Nilisubiri atamke jina langu ili nije mbele. Hakulitamka. Njiani kurudi Himbi nilijiambia kwamba nitasema wakati mwingine.

Kuanzia Jumatatu iliyofuata hakupumzika. Alijua kusoma karatasi za viwanja, na kitu kimoja kilimsumbua: kwa nini wapime kutoka katikati ya barabara ya sasa? Barabara imehama. Baada ya 2002 watu walijenga haraka haraka, kuta zikasogea, magari yakatafuta pa kupita. Akatoa karatasi ya parseli yake, na ndani yake kulikuwa na mchoro mdogo unaoonyesha jiwe la mpaka, lile ambalo wapimaji wa zamani waliliweka kwenye ukingo wa avenyu. Mchoro ulionyesha kwamba avenyu ilikuwa na metre kumi. Ukilipata lile jiwe, unajua barabara ya kweli iko wapi na nani ameingia ndani yake.

Alimwita Papa Dieudonné na kamba. Walipima kutoka pembe ya nyuma ya parseli, kama mchoro ulivyosema. Walidhani wataliona jiwe nje, mtaroni. Kamba ikapita sebule, ikapita mlango, ikaishia jikoni, karibu na mafiga.

"Hapana," Papa Dieudonné alisema. "Turudilie."

Walirudia mara tatu. Kisha akavunja sakafu. Chini ya simenti ambayo marehemu Papa Barthélemy aliimwaga mwaka 2004, kwa kina cha mkono mmoja, kulikuwa na jiwe la pembe nne lenye alama ya msalaba uliochongwa na namba.

Maana yake ilikuwa wazi kwa wote wawili. Watu wa upande wa juu hawakuwa wamekula barabara hata hatua moja. Ni watu wa upande wa chini waliosogea mbele metre tatu, na wa kwanza kusogea ni nyumba ya shefu mwenyewe. Jiwe likionekana, nyumba kumi na tisa za juu zinapona. Nyumba kumi na mbili za chini ndizo zitakazobeba upanuzi wote, kwa kuwa nafasi inayokosekana itatafutwa upande ulioingia barabarani. Wakiacha avenyu na metre zake kumi za zamani, hao wa chini watapoteza majiko na kuta za mbele. Wakishikilia metre kumi na tano, watapoteza nyumba zenyewe.

Papa Dieudonné yuko hapa, ameniruhusu kuyasema haya. Naye anakaa upande wa chini. Alilitazama lile shimo, akasema:

"Mama, tufunike. Niko na simenti nyumbani, nusu mufuko. Ndani ya saa moja imekwisha. Hakuna mwenye ameona."

"Ngoja kwanza, Papa Dieudonné. Acha nifikirie."

Alifikiri siku mbili. Alikaa jikoni kwenye kiti kidogo, shimo liko mbele yake, chakula kikipikwa nje uani. Fabiola, ambaye ni mwuguzi, alikuja kumpima akakuta tansion imepanda hadi kumi na tisa. Akamwomba mama yake apumzike, na kama ni lazima, amruhusu Papa Dieudonné afunike. Alimwambia wazi: "Mama, hii ni nyumba yetu. Papa alijenga hii jiko na mikono yake. Bénita analala wapi?" Bénita ni mjukuu anayesoma akiwa hapo kwa bibi yake.

Dada yangu alilia. Fabiola anasema hakuwahi kumwona analia tangu mazishi ya baba yao. Halafu akajibu: "Nilificha karatasi, ona yenye ilileta. Hii jiwe nikiificha, kila siku nikienda kwa robine nitasalimia watu wa juu na mudomo gani? Niko naogopa, mutoto wangu. Niko naogopa sana. Lakini sitaifunika."

Aliwaita kwanza watu wa upande wa chini peke yao, akawaonyesha shimo. Hakuwaficha hatari. Aliwaambia kwamba kuna njia moja tu ambayo inaweza kuacha nyumba zote zisimame: kuomba avenyu ipimwe kutoka kwenye jiwe, na ibaki na metre kumi kama ilivyoandikwa zamani. Kila mwenye nyumba aandike, wa juu na wa chini, maneno yaleyale. Wengi walikubali, si kwa furaha. Mama Julie alikataa. Alisema ana mtoto tumboni na hawezi kuweka sahihi kwenye karatasi inayosema jiko lake liko barabarani. Papa mmoja wa pale pembeni naye alikataa. Dada yangu hakuwasukuma.

Aliandika barua ishirini na tisa kwa mikono yake, kwa sababu mashine yake ya zamani ilikuwa imekufa utepe, na hakutaka kwenda kupigisha mjini mahali ambapo mtu angeongeza neno. Siku ya mwisho ilikuwa Jumatano tarehe 4 Septemba. Alifika kwenye biro ya wakubwa wa mji saa mbili asubuhi. Msichana wa mapokezi alimwambia kwa adabu:

"Mama, chef hayuko. Rudia kesho."

"Kesho itakuwa siku ya makumi tatu na moja. Nitangoja hapa."

"Anaweza asirudie leo, mama."

"Haina shida. Nilifanyaka kazi kama yako miaka makumi tatu. Sitaki chef, nataka muhuri na tarehe ya leo."

Alikaa kwenye benchi bila kula. Saa tisa na dakika arobaini barua zote ishirini na tisa ziligongwa muhuri. Nakala alizigawa siku hiyohiyo, mkononi kwa kila mtu.

Majuma yaliyofuata yalikuwa magumu. Upande wa chini baadhi ya watu hawakumsalimu. Upande wa juu walifurahi, lakini waliona haya kufurahi, wakawa wanapita haraka mbele yake. Yeye kila asubuhi alitoka kuangalia kama kuna tingatinga mwanzo wa barabara. Jumanne tarehe 24 Septemba wapimaji walikuja. Aliwafungulia jiko lake mwenyewe, akawashikia kamba upande mmoja. Walipiga picha ya jiwe, wakaandika, wakaondoka. Mtu aliyemuuliza wamesema nini alijibiwa: "Wamesema mchana mwema."

Alikuwa na ugonjwa wa tansion tangu mwaka 2014. Ijumaa tarehe 27 Septemba, saa tano asubuhi, alianguka kwenye robine, mkono wa kulia ukakataa. Watu wa upande wa chini ndio waliomwinua. Papa Dieudonné na wenzake walimbeba hadi barabara kubwa. Alilazwa hospitali siku tisa. Kauli ilirudi nusu nusu. Kila asubuhi aliuliza neno moja tu: "Wamejibu?" Tulimwambia bado, na ilikuwa kweli.

Siku ya tatu Mama Julie alikuja, amebeba supu ya samaki wa sambaza kwenye termosi, na mtoto mgongoni, kwa maana alikuwa ameshajifungua salama tarehe 10 Septemba. Alisimama mlangoni akasema:

"Mama shefu, bado niko na hasira."

Dada yangu alimwonyesha kiti kwa mkono wa kushoto. "Ikala na hasira yako," alisema polepole. "Supu iko ya moto?"

Walikaa pamoja mpaka saa ya wagonjwa kuoshwa. Mama Julie ndiye aliyemnywesha.

Jumapili tarehe 6 Oktoba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Joyeuse akimsuka nywele, aliinamisha kichwa upande mmoja. Joyeuse alidhani anamrahisishia kazi, kumbe ameshatuaga. Padri alikuwa amempa sakramenti ya wagonjwa usiku uliotangulia. Dada yangu alikuwa na miaka sitini na mitano.

Sasa, watu wa Avenyu Mapera. Lile jambo mmelisikia, lakini nataka niliseme nikiwa nimewaangalia. Siku zile mlizopoteza, ni mimi niliyemshauri azipoteze. Yeye alitaka kuwaambia. Alibeba matusi yenu peke yake mbele yangu, nami nikanyamaza, na hata hospitalini nilipotaka kuzungumza juu ya hilo alinikatiza akauliza kama nimekula. Nawaomba msamaha. Mwenye kutaka kunisema, anajua ninapokaa.

Kuna jambo la pili. Jibu limekuja. Lililetwa juzi Jumatatu, siku moja baada ya kifo chake, limeandikwa jina lake. Familia imekubaliana lisomwe hapa, kwa sababu ni lenu. Linasema hivi: jiwe la mpaka limetambuliwa. Nyumba kumi na tisa za upande wa juu zimeondolewa kwenye orodha. Kuhusu nyumba kumi na mbili za upande wa chini, upana wa avenyu haujaamuliwa, metre kumi au kumi na tano, na wenye nyumba wataitwa kusikilizwa tarehe 30 Oktoba, saa tatu asubuhi. Hakuna lingine. Nimelisoma mara nyingi nikitafuta neno la kutuliza, sikulipata. Misalaba ya upande wa chini itabaki ukutani, na wa nyumba yake ni mmojawapo. Wa upande wa juu, nawaomba msiifute yenu kwa kelele. Njooni tarehe hiyo pamoja nasi. Alivunja sakafu yake kwa ajili yenu.

Nami nitakuwa pale mlangoni pa biro saa mbili. Sina ujuzi wake. Nina nakala zote ishirini na tisa mlizonikusanyia, na jana Mama Julie ameniletea ya thelathini, yenye sahihi yake.

Marehemu ameacha watoto watatu: Moïse, mwalimu huko Bukavu, Fabiola, mwuguzi hapa Goma, na Joyeuse, aliyekaa naye nyumbani. Ameacha wajukuu saba, mkubwa wao akiwa Bénita na mdogo Christa mwenye miezi mitano. Ameacha ndugu wawili kati ya sita, dada yetu aliye Kabare na mimi; mashemeji wa ukoo wa Bauma huko Masisi; watu watano waliokuwa wakilala sebuleni mwake, ambao familia inasema waendelee kulala hapo maadamu sebule ipo; na nyumba thelathini na moja za Avenyu Mapera.

Yaya Donatille, umeangalia barabara vya kutosha. Mungu akulaze mahali ambapo hakuna atakayekuja kupima, na sisi tuliobaki atupe nguvu ya kungojea.